Kung'arisha Kipulizio cha Klarineti: Mahali pa Kusugua na Mahali pa Kuacha

Wengi waliokwisha kuona bendi ya polisi au ya jeshi ikipita barabarani siku ya sikukuu wanaijua klarineti kwa sura, hata kama hawaijui kwa jina. Ni ile ala nyeusi iliyo mfano wa filimbi ndefu, yenye vibonyezo vya madini meupe. Mwili wa klarineti nzuri hufanywa kwa mpingo, na mpingo huo hutoka hasa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, ukapelekwa Ulaya na kukerezwa huko. Hivyo mti wa kwetu husafiri mbali, kisha hurudi ukiwa na sauti.

Lakini leo hatutasema habari za mpingo. Twataka kueleza habari za sehemu ya juu ya klarineti, ile ambayo mpigaji huitia kinywani. Urefu wake ni yapata sentimeta 9, na katika makala haya tutaiita kipulizio. Vipulizio vingi vizuri vimeharibika, wala si kwa kuanguka chini au kwa kuliwa na meno, bali kwa kung'arishwa na watu wenye nia njema. Mtu hukiona kimefifia, akatwaa msasa na kitambaa, akakisugua mpaka kikameta kama kiatu cha askari. Akikirudisha katika klarineti hakisemi tena kama kilivyosema jana. Basi yafaa kujua kwa nini.

Jinsi sauti inavyotokea

Mpiga zumari wa Lamu au Mombasa hana kipulizio cha namna hii, maana ndimi za zumari hugongana zenyewe kwa zenyewe. Klarineti ina ulimi mmoja tu, nao hauna mwenzake wa kugongana naye. Ulimi huo ni kibamba cha tete, na hufungwa kwa kibano juu ya upande bapa wa kipulizio, upande ambao hapa tutauita meza. Mbele ya meza pana dirisha refu ambalo pumzi hupitia kuingia ndani. Kando ya dirisha ziko kingo mbili nyembamba, moja kuume na moja kushoto, na mahali zinapokutana mwishoni ndipo penye ukingo wa ncha.

Sasa msomaji aangalie sana jambo hili, kwa kuwa ndilo asili ya mengine yote. Meza ni bapa, lakini kingo si bapa. Kuanzia yapata milimeta 16 hata 20 kutoka nchani, kingo huanza kuinama kidogo kidogo na kujitenga na ulimi, hata zikifika mwisho pana mwanya kati ya ulimi na kipulizio. Mwanya huo katika klarineti ya kawaida ni kama milimeta 1 tu, au kuzidi kidogo. Katika saksofoni ya alto, ala iliyobuniwa na Adolphe Sax na kupewa hati ya ubunifu katika Ufaransa mwaka 1846, mwanya ni mpana zaidi, karibu milimeta 2.

Mpigaji apulizapo, ulimi huenda ukaufunga mwanya au kukaribia kuufunga, kisha hurudi kwa nguvu zake wenyewe. Katika ile sauti ambayo bendi hulinganishia ala zake, tendo hilo hufanyika mara 440 kwa sekunde. Kila mara ulimi hulala juu ya ule mwinamo wa kingo na kuinuka tena. Ikiwa ukingo wa kuume umeinama zaidi kuliko wa kushoto, ulimi hulala upande, hewa huvuja, na mpigaji hutoa mlio mkali kama wa bawaba kavu. Mpigaji mzoefu huhisi tofauti ya mwanya ya sehemu 5 katika sehemu 100 za milimeta, yaani kiasi cha unene wa unywele mwembamba. Msasa huondoa kiasi hicho kwa mikwaruzo michache.

Kitu ambacho kipulizio kimefanywa nacho

Johann Christoph Denner, fundi wa mji wa Nürnberg katika Ujerumani, ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa klarineti, yapata mwaka 1700. Zamani hizo kipulizio kilikuwa cha mti. Mti una kasoro moja kubwa katika kazi hii: hunywa unyevu wa pumzi, hutanuka, kisha hukauka ukapinda, na meza ikipinda kazi imekwisha. Mpingo wenyewe, pamoja na ugumu wake wote, hauepukani na jambo hilo.

Dawa ilipatikana katika mpira. Charles Goodyear wa Marekani alivumbua mwaka 1839 ya kuwa mpira ukichanganywa na salfa na kupikwa huacha kunata. Ndugu yake Nelson alipata hati mwaka 1851 kwa namna ya kuufanya uwe mgumu kabisa, kwa kuzidisha salfa mpaka kukaribia theluthi ya mchanganyiko. Kitu hicho kigumu cheusi huitwa ebonaiti. Hakinywi maji, hukatika vizuri kwa tupa, na hukubali kung'arishwa. Hata leo, ingawa mashine zinazoongozwa na kompyuta hukata vipulizio kwa usahihi mkubwa, na ingawa viko vya plastiki, vya kioo na vya madini, mafundi wengi bado huipenda ebonaiti, tena hupenda kuimalizia kwa mkono.

Ila ina adui zake wawili, joto na jua. Jua huigeuza rangi ikawa ya kijani au ya kahawia, kwa sababu salfa iliyomo hujitokeza juu. Maji ya moto hufanya vivyo hivyo kwa upesi zaidi, na huweza kuipinda. Mama mwema anayechemsha kipulizio cha mwanawe ili kuua vijidudu amekimaliza. Maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo yanatosha.

Kukagua kabla ya kugusa

Osha kipulizio kwa maji hayo na kitambaa laini. Ukiona ndani au nchani ukoko mweupe mgumu, huo ni chokaa iliyoachwa na mate. Chovya pamba katika siki iliyotiwa maji, iweke juu ya ukoko kwa dakika chache, kisha suuza. Usiukwangue kwa kisu. Ncha ya kisu ikiteleza mara moja tu juu ya ukingo, hapana msasa utakaorudisha kilichoondoka.

Kisha tafuta kipande cha kioo kinene kilicho bapa kweli. Kioo cha dirisha chembamba hakifai, huweza kupindika kikibonyezwa. Laza meza juu ya kioo, tazama kuelekea mwangaza. Nuru ikipenya katikati, meza imeingia ndani. Kipulizio kikichezacheza, meza imevimba. Baada ya hapo twaa geji ya vibamba, ile ambayo makanika hupimia nafasi za vali za motokaa. Ingiza kibamba chembamba kati ya kioo na mwinamo wa kingo, ukikisukuma taratibu kutoka nchani bila nguvu, mpaka kisimame chenyewe. Mafundi hupiga mistari juu ya kioo ili wasome kibamba kimesimama wapi, nao husoma pande mbili. Kibamba kikisimama sawasawa kuume na kushoto, kingo ni mapacha. Kikiingia upande mmoja zaidi, umeuona ugonjwa. Rudia kwa vibamba vinene zaidi na uandike kila kipimo katika daftari, maana macho husahau, na ukisha kusugua hutaweza kurudi nyuma kuuliza kilikuwaje.

Hapa pana neno la kweli ambalo yafaa lisemwe bila kuficha. Ikiwa vipimo ni sawa na kipulizio kinapiga vizuri, usiguse meza wala kingo hata kama zimefifia. Kufifia si ugonjwa.

Kusugua meza

Ikiwa meza imepinda, hapana budi kuisawazisha. Karatasi ya msasa hulazwa juu ya kioo, isishikwe mkononi. Kidole ni laini, nacho hufuata mabonde ya kitu badala ya kuyaondoa. (Wazee wetu waliosugua kazi za mti kwa jani la msasa, ambalo karatasi hizi zimerithi jina lake, walijua vema tofauti ya jani lililofungwa kwenye kibao na jani lililoshikwa kwa vidole.) Tumia msasa wa maji wa namba 600, kisha 1000. Ulowanishe, kwa maana vumbi la ebonaiti halifai kuvutwa puani, na maji hulizuia lisiruke. Maji pia hupoza.

Weka meza juu ya karatasi, kidole kimoja juu ya kipulizio mahali palipo sawa na katikati ya meza, kisha vuta kwa mstari mmoja ulionyoka. Usizungushe. Vuta mara tatu, futa, tazama juu ya kioo, vuta tena. Watu wasio na subira huvuta mara thelathini na kutazama mara moja.

Jambo ambalo wengi hawaliwazi ni hili: kila unachopunguza mezani hupunguza pia mwanya wa nchani. Meza ikishuka sehemu 10 katika 100 za milimeta, na mwanya umepungua kiasi kicho hicho, na mwinamo umekuwa mfupi zaidi, kwa sababu sehemu yake ya mwanzo imeliwa. Basi aliyesawazisha meza lazima apime mwinamo upya, na mara nyingi itambidi aurudishe. Hiyo ni kazi ya fundi hasa. Huinamisha kipulizio juu ya msasa na kukibingirisha kidogo kuelekea nchani, akipima baada ya kila mvuto. Mwanafunzi na ajifunze kazi hiyo juu ya kipulizio cha plastiki cha bei nafuu, wala si kwa mali ya bendi.

Ukingo wa ncha unataka uangalifu kupita yote. Upana wake huwa kama milimeta 1 au pungufu, nao ufanane pembe hata pembe. Ukiwa mnene upande mmoja, sauti huwa nzito kuanza. Ukiwa mwembamba mno, milio mikali huzidi. Dari iliyo nyuma yake, yaani ule mteremko wa ndani unaoukabili ulimi, yaweza kulainishwa kwa msasa wa 1500 uliozungushiwa kijiti, lakini kwa mikono miepesi. Ukiichimba dari sauti hufifia na kuwa ya giza. Ikiwa juu huwa ya kuwaka na kupasua. Wapigaji hawapatani iliyo bora ni ipi, nasi hatutawaamulia.

Kung'arisha

Sasa tumefika kwenye mng'ao wenyewe. Mdomo wa juu wa kipulizio, pale meno yanapotua, pamoja na mwili wote wa nje, ndipo mahali pa kung'arisha. Ondoa alama za meno kwa msasa wa 1000, fuata 1500, kisha 2000, kila mmoja ukifuta mikwaruzo ya mwenzake aliyetangulia. Tumia kipande kipya cha karatasi kila unapobadili namba, maana chembe moja nene iliyobaki yaweza kuchora mstari ambao utauona mpaka mwisho. Malizia kwa kitambaa cha pamba na unga mweupe laini wa chokaa uliolowekwa maji. Dawa nyeupe ya meno hufanya kazi hiyo vizuri, na haina ubaya kinywani. Dawa ya kung'arishia shaba na vifungo haifai kwa kitu kitakachotiwa mdomoni.

Viwandani hutumia gurudumu la kitambaa linalozungushwa na mota. Ni la haraka, nalo ni la hatari. Kwanza huleta joto: ukisikia harufu ya salfa, kama ya kiberiti kilichowashwa, ebonaiti imekwisha kuungua kidogo. Pili, gurudumu hupenda pembe. Hula kila kilicho kikali na kukifanya cha mviringo, na kipulizio huishi kwa ukali wa pembe zake. Kwa sababu hiyo anayetumia gurudumu hufunika meza, kingo na ncha kwa utepe wa kunata kabla hajawasha mota, naye hakitulizi kipulizio mahali pamoja hata kidogo.

Meza yenyewe iachwe na mistari myembamba iliyonyoka ya msasa. Mnunuzi asiyejua huiona kama kazi isiyokwisha, lakini mistari hiyo yaonyesha ya kuwa meza ilimalizwa juu ya kioo. Meza inayometa kama kioo cha kujitazamia yafaa ipimwe kabla ya kusifiwa.

Kujaribu

Suuza kipulizio ndani na nje mpaka unga wote utoke, kausha, kisha funga ulimi uliolowanishwa. Ziba tundu la chini kwa kiganja, tia ncha kinywani, vuta hewa kwa nguvu, ukitoe kinywani upesi. Ulimi utashikwa na kukaa umefunga, halafu utaachia kwa mlio mdogo wa "pop". Ukikaa sekunde 2 au 3, meza na kingo zimekubali ulimi vema. Ukiachia mara moja, jaribu ulimi mwingine kwanza kabla ya kushika msasa tena, kwa maana mara nyingi tete ndiyo iliyopinda. Ukikubali, kiweke katika kifuniko chake, mahali penye kivuli, wala usikiache ndani ya gari lililoegeshwa juani.