Injini ya Boti Ifungwe Kimo Gani?

Vikundi vingi vya wavuvi wa Ziwa Victoria vikipata mkopo, hununua injini kwanza. Ni vizuri. Lakini tulitembelea kikundi kimoja tukakuta ugomvi. Petroli iliisha upesi, boti haina mwendo, na siku moja injini ilizimika mbali na ufuo upepo ukivuma. Wengine walisema mweka hazina alinunua injini mbovu ili ale chenji.

Kumbe injini ilikuwa nzima. Walikuwa wameipandisha juu ya kipande cha mbao ili propela isigonge mawe ya ufuoni.

Tuelewe sababu

Juu kidogo ya propela kuna bamba bapa. Kazi yake ni kuzuia hewa isishuke kwenye propela. Kwa kawaida bamba hilo liwe sawa na chini ya boti, au lishuke kidogo, lisizidi sentimita 2.5.

Injini ikiwa juu mno, propela huvuta hewa. Injini inalia sana lakini boti haiendi. Pia matundu yanayovuta maji ya kupoza injini yanaweza kutoka nje ya maji, injini ikachemka na kuharibika.

Ikiwa chini mno, mguu wake unaburuta maji. Petroli inaliwa bure, usukani unakuwa mzito, na mawimbi yanairukia injini.

Tufanye hivi

1. Kabla ya kununua, pima ubao wa nyuma, katikati, kutoka juu mahali injini inapokaa mpaka chini ya boti. Ukipata karibu sentimita 38, chukua injini ya mguu mfupi. Ukipata karibu 51, chukua ya mguu mrefu.

2. Ubao ukiwa mfupi, fundi aongeze mbao ngumu na kuikaza kwa bolti. Ukiwa mrefu, usikate ovyo! Ubao wa nyuma ndio unaozuia mawimbi yasiingie. Afadhali kubadilisha injini.

3. Funga injini katikati kabisa, kaza skrubu zote mbili, halafu ifunge kwa mnyororo kwenye boti. Mbao zikilowa na kukauka skrubu hulegea, kwa hiyo zikague kila safari.

4. Jaribu karibu na ufuo, boti ikiwa na watu na mzigo kama siku ya kazi. Ikilia bila nguvu unapokata kona, ishushe kidogo. Angalia pia kama inakojoa, yaani kama maji yanatoka kwenye kitundu chake. Yakikoma, zima mara moja.

Na mawe ya ufuoni je? Ukikaribia nchi kavu, zima injini, inua mguu wake, piga kasia.

Kikundi kile kilitoa kile kipande cha mbao. Boti ikaenda. Kazi iliyobaki ilikuwa kumwomba radhi mweka hazina, nayo ilichukua muda zaidi kuliko kufungua bolti.

Maswali ya kujadiliana kikundini

- Injini yetu imefungwa kimo gani? Nani ameipima?
- Tunatumia petroli kiasi gani kwa safari, na nani anaandika?
- Kitu cha kikundi kikiharibika, je, tunatafuta sababu au tunatafuta wa kulaumiwa?