Amri Isiyo na Jibu: Taa Iwashwavyo kwa Ishara Ipitayo katika Nyaya za Umeme

Mwaka 1978 maduka ya Radio Shack na Sears nchini Marekani yalianza kuuza vikasha vidogo vya plastiki vya kuchomekwa katika soketi za ukutani. Kwa vikasha hivyo, mwenye nyumba aliyeketi sebuleni aliweza kubonyeza kitufe na kuzima taa ya chumba cha kulala bila kuinuka kitini, na bila fundi kuvuta waya mpya hata mmoja. Mfumo huo ulibuniwa mwaka 1975 na kampuni ya Pico Electronics ya Glenrothes, Scotland, ukaitwa X10 kwa kuwa ulikuwa mradi wa kumi wa kampuni hiyo. Tangu hapo imetokea mifumo mingi ya kuiwezesha nyumba kujiendesha. Hata hivyo X10 unafaa kuchunguzwa darasani, maana hatua zake zote zaweza kukokotolewa kwa penseli, na udhaifu wake hufundisha zaidi kuliko uwezo wake.

Umeme wa majumbani ni mkondo geu, yaani mkondo unaobadili mwelekeo wake mara kwa mara. Nchini Marekani hukamilisha mizunguko 60 kwa sekunde; katika Afrika Mashariki mizunguko 50. Katika kila mzunguko volti hupanda, hushuka, hupita sifuri, huelekea upande wa pili, kisha hurudi na kupita sifuri tena. Basi katika waya wa Marekani volti hupita sifuri mara 120 kila sekunde. Wabunifu wa X10 walikichagua kitambo hicho kifupi cha sifuri. Kikasha kinachotuma hupenyeza ndani ya waya mpigo wa mitetemo ya umeme yenye kasi ya mitetemo 120,000 kwa sekunde, nao mpigo hudumu kwa muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde tu.

Uchaguzi huo ulikuwa na sababu mbili. Kwanza, wakati volti iko karibu na sifuri waya huwa na vurugu chache za umeme, hivyo mpigo dhaifu waweza kusikika. Pili, na hili ndilo la werevu zaidi, sifuri hufika kwa vikasha vyote vya nyumba kwa wakati mmoja. Umeme wenyewe huwa saa ya wote, na kila kikasha hujua lini kisikilize bila kupewa saa nyingine.

Palipo na mpigo huandikwa 1. Palipo na kimya huandikwa 0. Lakini kila tarakimu ya ujumbe hutumwa pamoja na kinyume chake: tarakimu 1 hutumwa kama mpigo ukifuatwa na kimya (10), na tarakimu 0 kama kimya kikifuatwa na mpigo (01). Kipokezi kikisikia 11 au 00 mahali pa jozi, hutambua kwamba ujumbe umeharibika. Kwa hiyo tarakimu moja hutumia mzunguko mmoja mzima wa umeme.

Ujumbe hufunguliwa kwa alama 1110. Mwanafunzi na ajaribu kupanga jozi za 10 na 01 kwa namna yoyote apendayo: hatapata kamwe mipigo mitatu mfululizo. Ndiyo maana kipokezi kikisikia mipigo mitatu hujua kwamba huo ni mwanzo wa ujumbe, wala si sehemu ya kati. Baada ya mwanzo huja herufi ya nyumba, kuanzia A hadi P, kwa tarakimu nne. Kisha namba ya kikasha, kuanzia 1 hadi 16, kwa tarakimu tano. Herufi 16 mara namba 16 ni anwani 256. Herufi A, kwa mfano, ni 0110, nayo hupita katika waya kama 01 10 10 01.

Hesabu ya muda ni nyepesi. Alama ya mwanzo huchukua mizunguko 2, herufi 4, namba 5, jumla 11. Ili kupunguza makosa ujumbe hurudiwa, ikawa 22. Hufuata mapumziko ya mizunguko 3, kisha ujumbe wa pili wenye amri yenyewe, nao pia ni mizunguko 22. Jumla kuu ni mizunguko 47. Kwa umeme wa mizunguko 60, amri moja huchukua sekunde 0.78, kwa ule wa mizunguko 50, sekunde 0.94. Huo ni mwendo wa kobe, lakini kwa kuwasha taa watosha.

Hapa ndipo tatizo linapoanza. Amri ya kuwasha ni 00101 na ya kuzima ni 00111. Zinatofautiana kwa tarakimu moja tu. Kinyume na marudio hulinda ujumbe usisomwe vibaya, lakini havizuii ujumbe kupotea njiani. Televisheni na kompyuta nyingi zina vichujio vya kuondoa vurugu za umeme, na kwa vichujio hivyo ishara ya X10 ni vurugu kama vurugu nyingine. Nyumba nyingi za Marekani hupokea umeme kwa njia mbili za volti 120 kila moja. Ishara iliyotumwa katika njia moja yaweza kulazimika kuzunguka kupitia transfoma ya nje ili kuingia katika njia ya pili, ikafika imefifia. Na majirani wawili wa transfoma moja waliochagua herufi ileile waliweza kuzimiana taa pasipo kujua.

Vikasha vingi vya kwanza vilipokea tu, havikuweza kujibu. Orodha ya amri za X10 ilikuwa na swali la kuuliza hali ya kikasha, lakini swali halina faida kwa asiye na kinywa. Chukua mtu aliyechomeka pasi katika kikasha cha aina hiyo. Akiwa chumba kingine abonyeza kitufe cha kuzima, ujumbe wamezwa na kichujio cha televisheni, naye aenda kulala akiamini kwamba pasi imezimwa.

Ajabu ni kwamba ndani ya pasi hiyohiyo mna chombo cha zamani zaidi kinachofanya kazi kwa uaminifu. Ni ukanda wa metali mbili zilizounganishwa bapa kwa bapa. Zikipata joto, moja hutanuka kuliko nyingine, ukanda hupinda na kukata umeme. Zikipoa, ukanda hunyooka na umeme hurudi. Ukanda huo haungoji habari za mtu. Hupima joto lenyewe, nalo ndilo tokeo la kazi yake. Katika elimu ya mitambo mpango huo huitwa wa mrejesho. Mpango wa kikasha cha X10 hauna mrejesho.

Mifumo ya redio iliyofuata, kama Zigbee na Z-Wave, pamoja na kanuni ya pamoja ya Matter iliyotolewa mwaka 2022, huviwezesha vyombo kujibu. Haya ni maendeleo ya kweli, ila yapimwe vema. Jibu la kikasha huweza kusema tu kwamba amri imefika na swichi imefunga. Kama balbu imeungua, swichi itajibu kwamba taa inawaka na chumba kitakuwa giza. Anayetaka kujua kama kuna mwanga hana budi kuweka kipima mwanga.

Mwalimu aweza kuyaonyesha haya bila kugusa umeme, na mwanafunzi yeyote asifungue soketi wala kifaa cha umeme kwa ajili ya somo hili. Mwanafunzi mmoja apige mdundo wa polepole juu ya meza, uwe saa ya wote. Wa pili, kwa kuufuata mdundo, apige kofi kwa 1 na kunyamaza kwa 0: 1110 01 10 10 01. Wa tatu, aliyefumba macho na kukatazwa kusema, aandike asikiacho. Kisha wanafunzi wengine wapige makofi ovyo, zoezi lirudiwe, na mtumaji aulizwe kama ujumbe wake umefika.