Taa ya Kufanyia Kazi Usiku Zizini: Namna ya Kuichagua, Kuitumia na Kuitunza



Kazi nyingi za mifugo hazingoji kupambazuke. Ng'ombe huzaa saa nane usiku, fisi huzunguka zizi alfajiri, mbuzi huvimba tumbo watu wamelala. Huku Ufipa, kama ilivyo sehemu nyingi za nchi yetu, usiku ni karibu saa 12 mwaka mzima. Nusu ya maisha ya mifugo yako hupita gizani.

Siku hizi maduka ya Sumbawanga mjini, Laela, Matai na Namanyere yamejaa tochi na taa za LED za kila aina. Wafugaji wengi huchagua ile inayomulika mbali kuliko nyingine. Kwa kumtafuta ng'ombe aliyepotea porini, tochi hiyo inafaa. Kwa kazi ya zizini haifai sana. Zizini unahitaji taa inayoonyesha vizuri kitu kilicho mkononi mwako, inayokuachia mikono yote miwili, na inayodumu mpaka kazi iishe. Somo hili linaeleza namna ya kuipata taa hiyo na namna inavyookoa ndama na afya ya familia yako.

Kwa nini tuachane na koroboi

Koroboi na chemli hutoa mwanga hafifu na moshi unaoumiza macho na kifua. Karibu na nyasi kavu, mabua ya mahindi na paa la nyasi, koroboi ikipigwa teke na ng'ombe inaweza kuteketeza zizi na nyumba. Taa ya LED haina mwali wala haihitaji mafuta, na chaji kidogo huiwasha kwa saa nyingi.

Mambo matano ya kuangalia dukani

*1. Mikono iwe huru.* Kumvuta ndama, kufunga kamba na kushika mguu wa ng'ombe ni kazi za mikono miwili. Ukishika tochi kwa meno au kumshikisha mtoto anayesinzia, mwanga utayumba. Chagua tochi ya kuvaa kichwani yenye mkanda imara, au taa yenye ndoano ya kutundika. Kaya inayoweza ipate zote mbili: ya kichwani hufuata macho yako, na ya kutundika huondoa vivuli.

*2. Mwanga uwe mpana.* Mwanga hupimwa kwa lumeni. Wati hueleza umeme unaotumika, si mwanga unaotoka. Kwa kazi ya karibu, lumeni 100 hadi 200 zinatosha. Mulika ukutani ukiwa umbali wa hatua mbili. Ukiona doa dogo kali katikati na giza pembeni, hiyo ni tochi ya kumulika mbali. Ukiona duara pana lenye mwanga sawa, hiyo ndiyo ya zizini. Hakikisha pia ina hatua ya mwanga mdogo na ya mwanga mkubwa.

*3. Rangi ya mwanga iwe ya kweli.* Jambo hili wengi hawaliangalii. Mwanga wenye ubuluu hufanya damu ionekane nyeusi na ufizi wenye afya uonekane umepauka. Mwanga wa njano sana unaweza kuficha umanjano wa macho, ambao ni dalili mojawapo ya ndigana baridi. Chagua mweupe wa kati; kama kuna namba kwenye boksi, tafuta kati ya 4000 na 5000 yenye herufi K. Jaribu kwenye kona ya giza ya duka: mulika kiganja chako na kitambaa chekundu. Kiganja kionekane kama kilivyo mchana, na kitambaa kibaki chekundu. Mwanga wa ubuluu pia huvuta wadudu wengi zaidi.

Tochi nyingine zina taa nyekundu. Hiyo ni nzuri kwa kutembea bila kuyachosha macho yako, lakini usiitumie kukagua jeraha au uzazi, kwa sababu damu haionekani vizuri chini ya mwanga mwekundu.

*4. Betri iwe ya kweli.* Uwezo wa betri huandikwa kwa mAh. Betri ya lithiamu ya duara iitwayo 18650, inayotumika kwenye tochi nyingi, kwa kawaida haizidi 3500 mAh hivi. Ukiona imeandikwa 9900, namba hiyo ni ya kudanganya. Pendelea taa ambayo betri yake hubadilishwa ikichoka.

*5. Istahimili maji, vumbi na kuanguka.* Tafuta herufi IP na namba zake. Namba ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. IPX4 hustahimili matone ya mvua. IP65 huzuia vumbi na inaweza kuoshwa kwa maji. Kwa kazi ya uzazi, taa ya kuoshwa ni muhimu, na sababu utaiona hapa chini.

Ukinunua, dai risiti na uliza muda wa dhamana. Angalia kama bidhaa ina alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Iwashe palepale na uiache ikiwaka wakati ukifanya ununuzi mwingine. Nyingine hufifia kabla hujatoka dukani.

Hesabu ndogo ya chaji

Chukua mAh za betri, zidisha kwa volti, kisha gawanya kwa 1000. Betri ya 2000 mAh na volti 3.7 ina wati-saa 7.4. Ukiwasha taa kwa wati 1 (karibu lumeni 100), inaweza kukaa saa 7 hivi. Ukiiwasha kwa wati 3, itakaa saa 2 tu. Ndiyo maana ya kuwa na hatua mbili: tembea kwa mwanga mdogo, tunza mkubwa kwa kazi.

Paneli ya wati 3 ikipata saa 4 za jua kali hutoa wati-saa 12. Sehemu hupotea kwa joto, waya na vumbi, zikabaki kama 8, zinazotosha kuijaza betri hiyo. Siku za mawingu, kati ya Novemba na Aprili, chaji itapungua sana. Katika miezi hiyo chaji kila siku, usingoje taa iishe.

Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo elekeza paneli kaskazini, ikiwa imeinama kidogo ili mvua iioshe. Ifute vumbi kila wiki. Iweke mbali na kivuli cha mti, na mahali ambapo mbuzi hawatapanda wala kutafuna waya.

Kumzalisha ng'ombe usiku

Andaa mapema, jua likiwa bado lipo: taa iliyojaa chaji, maji safi, sabuni, kamba safi, glovu, ayodini ya kitovu na nyasi kavu za kulalia. Kisha:

- Tundika taa juu, nyuma ya bega lako, ili kivuli chako kisifunike kazi.
- Rekebisha tochi ya kichwani kabla ya kuanza. Ukiishika katikati ya kazi, utajipaka majimaji ya uzazi usoni.
- Usimmulike ng'ombe machoni. Macho yake yameumbwa kukusanya mwanga mdogo, ndiyo maana hung'aa gizani. Mwanga mkali wa ghafla humtisha, naye anaweza kuinuka na kukukanyaga. Mulika chini kwanza, kisha sogea polepole ukimsemesha.
- Angalia kinachotangulia. Kawaida ni miguu miwili ya mbele, nyayo zikitazama chini, na pua juu yake. Nyayo zikitazama juu, huenda ni miguu ya nyuma. Ukiona mguu mmoja, mkia, au kichwa bila miguu, usivute. Mwite mtaalamu.
- Angalia saa. Chupa ya maji ikipasuka, ng'ombe aliyekwisha kuzaa asipite saa 1 bila maendeleo, na mtamba asipite saa 2. Kungoja asubuhi ni kumpoteza ndama, na pengine mama yake.
- Ndama akitoka, mulika pua na mdomo, ondoa ute, hakikisha anapumua. Paka kitovu ayodini. Anyonye dang'a ndani ya saa 2 za kwanza. Ndama wa kilo 20 anahitaji kama lita 2. Usiku wa Juni na Julai hapa juu uwandani baridi ni kali: mkaushe vizuri na umkinge na upepo.

Usafi baada ya kuzaa au kutupa mimba

Sehemu hii inahusu uhai wa watu. Ng'ombe, mbuzi au kondoo anayetupa mimba anaweza kuwa na ugonjwa wa kutupa mimba, uitwao pia brusela. Vimelea wake hujaa kwenye kondo la nyuma, majimaji na kitoto kilichokufa. Huingia mwilini mwa mtu kupitia michubuko, macho na mdomo, na kupitia maziwa mabichi. Jua kali huwaua upesi, lakini kwenye ubaridi, unyevu na kivuli wanaweza kuishi wiki hata miezi. Zizi letu la uwandani wakati wa masika lina hali hiyo hasa. Homa ya Bonde la Ufa, iliyolipuka nchini mwetu mwaka 2007, nayo hutupisha mimba na huambukiza kwa njia hiyohiyo.

Usiseme tutasafisha kesho. Kabla ya asubuhi mbwa na fisi watakuwa wameburuta uchafu hadi kwenye malisho na njia ya maji. Kwa taa nzuri, maliza usiku huohuo:

1. Vaa glovu na viatu vya mpira. Wajawazito na watoto wasikaribie.
2. Mulika eneo lote, hatua tano kila upande, pamoja na miguu ya ng'ombe wengine.
3. Kusanya kondo, kitoto kilichokufa na nyasi zote zilizolowa. Choma, au zika kwenye shimo lenye kina cha zaidi ya mita 1, weka chokaa, fukia, kisha funika kwa miiba.
4. Osha taa, mkanda wake na kamba kwa sabuni, kisha kwa dawa ya kuua vijidudu. Hii ndiyo sababu ya kuchagua taa inayooshwa. Taa ileile itaingia nyumbani na kushikwa na watoto.
5. Mtenge aliyetupa mimba, na mtoe taarifa kwa afisa mifugo.

Kondo la nyuma lisipotoka ndani ya saa 24, usilivute wala usilifungie jiwe. Mwite mtaalamu. Chemsha maziwa siku zote. Mtu wa nyumbani akipata homa inayokuja na kuondoka, jasho usiku na maumivu ya viungo, huenda si malaria. Mpeleke kituo cha afya na mweleze mganga kwamba alishughulika na mnyama aliyetupa mimba.

Mzoga wa ghafla. Ukikuta mnyama amekufa ghafla, mulika kwanza pua, mdomo na njia ya haja kubwa. Damu nyeusi isiyoganda ni dalili ya kimeta. Usimchune, usimpasue, usigawe nyama. Zuia mbwa, toa taarifa.

Taa za kufukuza wanyama wakali

Kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, nchini Kenya, kijana wa Kimaasai aitwaye Richard Turere aliona kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akatundika taa ndogo za LED kuzunguka zizi, zikiwaka na kuzima kwa zamu kana kwamba mtu anapita na tochi. Alitumia betri ya zamani ya gari, paneli ya sola na kifaa cha indiketa cha pikipiki. Mwaka 2013 aliieleza kazi yake mbele ya watu huko Marekani. Nasi tunaweza kujaribu dhidi ya fisi, lakini kama nyongeza tu. Zizi imara la miti na miiba linabaki kuwa kinga ya kwanza.

Betri chakavu ni sumu kwa ng'ombe

Betri kubwa za gari na za sola nyingi zina risasi. Ng'ombe hupenda kulamba betri iliyopasuka kwa sababu ina ladha ya chumvi. Akila risasi hupofuka, husaga meno, husukuma kichwa ukutani, na mara nyingi hufa. Kwa hiyo:

- Usitupe betri yoyote zizini, malishoni au jalalani. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko na uirudishe kwa wanunuzi wa betri chakavu.
- Usiichome wala kuitoboa betri ya lithiamu, hulipuka.
- Betri iliyovimba usiichaji tena. Usichaji taa kitandani.
- Betri ndogo za vitufe ziwekwe mbali na watoto. Mtoto akimeza, mkimbizeni hospitali mara moja.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Taa mliyo nayo nyumbani inawaka saa ngapi kwa mwanga mkubwa? Ipimeni usiku wa leo.
2. Nani nyumbani anasimamia chaji ya taa, na nani huichukua kuchezea simu au redio?
3. Shimo la kuzikia kondo mmeshalichimba, au mtalichimba usiku wa mvua?
4. Kuna betri chakavu ngapi kuzunguka boma lenu?

Kwa ushauri zaidi, au ng'ombe akitupa mimba, mwone afisa mifugo wa kata yako mapema.