SOMO: Mama Dorothy Vaughan na mashine ya hesabu



Katika mkutano wetu uliopita hapa Gisenyi, ndugu mmoja anayeandika mizigo pale mpakani aliuliza: kompyuta ikija, mimi nitakwenda wapi? Sikuwa na jibu. Mimi shule yangu iliishia darasa la sita, lakini nilitafuta habari, na binti yangu akanisaidia kusoma. Nikakuta jambo hilo liliwapata zamani akina mama weusi wa Marekani.

Kwanza tufahamu neno lenyewe. Kabla ya kuwa jina la mashine, kompyuta lilikuwa jina la kazi ya mtu. Huko Langley, jimbo la Virginia, palikuwa na maabara ya serikali ya kuchunguza ndege. Mamia ya wanawake waliajiriwa kupiga hesabu za mainjinia, kwa penseli na mashine ndogo za mezani. Hao ndio walioitwa kompyuta.

Dorothy Vaughan alizaliwa tarehe 20 Septemba 1910. Alimaliza masomo ya hesabu katika Chuo Kikuu cha Wilberforce mwaka 1929, akawa mwalimu. Desemba 1943, vita vikiwa vikali, aliingia Langley kwa mshahara uliozidi mara mbili ule wa ualimu. Watoto wake wanne wakabaki kwa jamaa.

Mlango huo ulifunguliwa na sendika. A. Philip Randolph, kiongozi wa sendika ya wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala ya reli, alimwambia Rais Roosevelt mwaka 1941 kwamba asipokomesha ubaguzi katika viwanda vya vita, watu weusi kwa maelfu wataandamana Washington. Tarehe 25 Juni, siku chache kabla ya maandamano, Rais akatia sahihi amri. Yaani watu wa kutandika vitanda na kubeba masanduku ndio waliomfungulia njia mwalimu wa hesabu! Hapa nilimwambia binti yangu anisomee tena.

Lakini ndani ya maabara ubaguzi ulikuwapo. Weusi walikuwa na ofisi yao upande wa magharibi, vyoo vyao mbali, na katika chumba cha kulia meza yao iliwekwa kibao cha kuwatenga. Mwenzao Miriam Mann alikitoa kibao hicho akakitia katika mkoba wake. Kikaletwa kingine, akakitoa tena, mpaka waliokileta wakachoka.

Mwaka 1949 Vaughan aliwekwa kuongoza ofisi hiyo, msimamizi wa kwanza mweusi mahali pale. Ila aliwekwa kukaimu, na cheo kamili kikachelewa. Nasi tunakujua kukaimu: kazi ya mkubwa unaifanya, barua huioni. Hata hivyo alidai vyeo na mishahara kwa ajili ya wanawake wake, na mara nyingine hata kwa wanawake weupe wa vikundi vingine.

Kisha zikaja mashine za IBM zilizopiga kwa muda mfupi hesabu za siku nyingi. Vaughan aliona mapema mambo yanakoelekea. Akajifunza FORTRAN, lugha ya kuamrisha mashine, akawafundisha na wenzake. Maana mashine yenyewe haijui kitu. Lazima mtu aiandikie kazi hatua kwa hatua, na zamani zile hatua zilitobolewa kwenye kadi. Ikirukwa hatua moja, jibu ni bure. Na nani anazijua hatua kuliko yule aliyepiga hesabu hiyo kwa mkono wake miaka kumi na zaidi? Ndiye pia anayeona upesi kwamba jibu la mashine lina kosa.

Mwaka 1958 maabara ikaingia katika shirika jipya la NASA, na ofisi ya weusi ikafungwa. Vaughan akahamia idara mpya ya kompyuta, weusi na weupe, wanaume na wanawake pamoja, akashiriki katika kazi ya roketi ya Scout. Lakini usimamizi hakupewa tena mpaka anastaafu mwaka 1971. Alifariki tarehe 10 Novemba 2008, akiwa na miaka 98.

Kwa mkutano ujao, kila mmoja aje ameandika hatua za kazi yake, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, bila kuruka. Ndugu yetu wa mpakani ndiye ataanza.