Kuhama Nyumba ya Kupanga: Nani Atengeneze?



Ndugu zangu, muhula unakwisha, na wengi wetu tunaoishi nje ya chuo tunafunga mizigo. Tusome pamoja suala ambalo mwaka jana lilinikuta sina elimu nalo: mpangaji anapohama, kipi ni juu yake kutengeneza, na kipi si juu yake?

Tulikuwa watatu, tumepanga nyumba ya vyumba viwili Kikoni, karibu na Makerere. Tulipoingia tulimwachia mwenye nyumba, Hajati mmoja mtu mzima, kodi ya mwezi mmoja iwe dhamana. Wiki moja kabla ya kuhama tukakagua. Rangi ya sebuleni imefifia, dari ina doa la maji ya mvua, ukutani kuna matundu ya misumari tuliyopigilia wenyewe, na sinki la jikoni lina ufa. Ufa ule ni wangu: niliuweka mtungi wa gesi ukingoni, ukaangukia ndani.

Mwenzetu mmoja akashauri tuzibe matundu kwa dawa ya meno, tufunike ufa kwa beseni, tuchukue pesa yetu twende zetu. "Mbona yeye dari hakuitengeneza?" alisema. Nilinyamaza, na ukweli ni kwamba nafsi yangu ilikuwa upande wake. Usiku nikampigia ustadhi wetu wa darsa. Haya ndiyo aliyonifundisha.

Kwanza, nyumba mkononi mwa mpangaji ni amana. Mpangaji ananunua manufaa ya nyumba kwa muda, hanunui nyumba. Kwa hiyo kikiharibika kitu bila yeye kuvuka mpaka wala kuzembea, halipi. Rangi kufifia na kitasa kulegea kwa kutumika ni uchakavu wa kawaida, na kodi ndiyo malipo yake. Lakini akivuka mpaka au akizembea, ni mdhamini wa alichoharibu. Misumari tuliipigilia bila ruhusa, na mtungi niliuweka mahali pasipo pake. Yote mawili yalikuwa juu yetu.

Pili, matengenezo ya kuifanya nyumba ikalike ni ya mwenye nyumba. Imamu Nawawi katika Minhaaj at-Twaalibiin ameeleza kuwa mwenye nyumba humkabidhi mpangaji ufunguo na ndiye wa kuikarabati nyumba. Asipofanya, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Akagawa hata theluji: ya juu ya paa humhusu mwenye nyumba, ya uwanjani pamoja na takataka za kufagia humhusu mpangaji. Kwetu hakuna theluji, lakini kipimo ni kilekile. Dari inayovuja ni ya Hajati. Taka za jikoni ni zetu, tuzitoe kabla ya kuondoka.

Tatu, masharti. Waislamu hufungwa na masharti waliyokubaliana, isipokuwa yanayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Sharti la kupaka rangi mtakapotoka, likijulikana gharama na kazi yake, si sawa na sharti la "mpangaji atatengeneza chochote kitakachoharibika." Hilo la pili lina gharari, maana hakuna ajuaye kodi yake halisi ni kiasi gani. Soma kabla ya kutia saini. Hapa Uganda, sheria ya mwenye nyumba na mpangaji ya mwaka 2022 inataka mkataba unaofikia shilingi 500,000 uwe wa maandishi.

Nne, dhuluma ya mwenzio haikuhalalishii ya kwako. Nilimtajia ustadhi ile dari. Akanijibu, "Dai haki yako kwa mdomo wako, usiidai kwa beseni."

Asubuhi nikamwita Hajati, nikamwonyesha ufa. Alikasirika. Akakata pesa ya sinki, ya matundu, na akataka kukata ya rangi na ya dari pia. Nikamwambia, "Mama, sinki na matundu ni yetu, tusamehe. Rangi imechakaa yenyewe, na dari tulikuambia tangu mvua za mwanzo." Tulibishana kwa adabu mpaka adhuhuri. Dari akaiacha. Rangi tukagawana nusu kwa nusu, kwa kuwa tulipoingia hatukuandika ilikuwa na hali gani, na hakuna aliyekuwa na ushahidi. Ile nusu naihesabu kuwa ada ya somo.

Basi ndugu mwanafunzi, siku ya kuingia pitia nyumba pamoja na mwenye nyumba, piga picha, andikeni hali ya kila kitu. Kikiharibika kitu, mjulishe mapema kwa ujumbe utakaobaki. Siku ya kutoka, pitieni tena pamoja, na ulichokiharibu kitaje wewe kabla hajakiona.

Aya ya 58 ya Suuratun-Nisaa, inayotuamrisha kurudisha amana kwa wenyewe, wafasiri wengi wameihusisha na ufunguo wa Al-Kaaba, ambao Mtume (s.a.w.) alimrudishia Uthmaan bin Twalha siku ya kufunguliwa Makka. Nasi muhula huu kila mmoja ana ufunguo wa kurudisha. Tumwombe Allah atujaalie tuurudishe tukiwa hatuna deni la mtu.

Wabillahi tawfiiq.