Tumbo Linalojaa Kila Siku

Mwanamke akisema tumbo limejaa, nyumbani atachemshiwa tangawizi, duka la dawa watamuuzia dawa ya gesi, jirani atasema ni chango. Mara nyingi huwa ni gesi kweli. Lakini saratani ya ovari, vile viungo viwili vinavyotunza mayai ya uzazi, huanza kwa dalili hizo hizo, na wengi hufika hospitali ikiwa imeshasambaa.

Gesi huja na kuondoka. Saratani hii hung'ang'ania. Gauni linabana kiunoni huku uso na mikono vikikonda. Matonge mawili, umeshiba. Chini ya kitovu au nyonga panauma. Mkojo unabana kila mara, na kipimo cha U.T.I. hakioni kitu. Dalili hizi zikiwa mpya kwako na zikatokea zaidi ya mara 12 kwa mwezi, nenda hospitali, hasa ukiwa umevuka miaka 50. Damu ikitoka baada ya kukoma hedhi, usihesabu siku, nenda.

Wapo wanaojifariji kwamba walishapimwa saratani ya mlango wa kizazi. Kipimo kile hakifiki kwenye ovari. Mwenye dalili huhitaji ultrasaundi ya nyonga na, inapopatikana, kipimo cha damu cha CA-125. Jibu la uhakika hutoka maabara, kwenye kinyama kidogo kinachochukuliwa mwilini. Mwambie daktari kama mama, dada au shangazi aliugua saratani ya ovari au ya matiti. Shangazi anahesabika pia, ingawa ni wa upande wa baba, maana hitilafu ya kurithi hupitia hata kwa wanaume.

Tiba ni upasuaji na dripu za dawa ya saratani. Nchini Tanzania hutolewa katika hospitali za Ocean Road, Dar es Salaam, pia Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi. Gharama zikiwashinda, muoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuuza shamba. Maumivu yakizidi, ombeni tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu. Si ya wanaokata roho tu.

Baba, msindikize mkeo. Ugonjwa huu hauambukizi, wala hakurogwa.

Nawe mama, weka alama kwenye kalenda kila siku tumbo linaposumbua, uende nayo kwa daktari. Dawa ya gesi isiposaidia ndani ya wiki mbili tatu, rudi uombe ultrasaundi.