Nani alichora chukudu?

Wanakoperative wapenzi, tukiuliza nani anatunga vyombo vipya, wengi munajibu: mainjinia wa Ulaya. Basi tutazame chukudu, ile inateremusha viazi na makala toka milimani mpaka Goma.

Hakuna ofisi ya utafiti iliyoichora. Fundi wa mbao na musukumaji waliitengeneza kidogo kidogo. Mti mutupu unaliwa haraka na mawe ya volkano, kwa hiyo gurudumu linavalishwa mpira wa gari la zamani. Muteremuko unaua, kwa hiyo nyuma kuna kipande cha mpira, unakikanyaga kinakuwa breki. Pale goti linakaa wanapigilia sandale nzee. Mzigo unafika kilo mia na zaidi! Musukumaji akivunjikiwa, anarudi kwa fundi, anamuonyesha fasi yenyewe.

Sisi tunafanya namna gani? Mashini ya kusaga mihogo inavunjika mara tatu fasi moja. Tunaita fundi wa kusudura, tunamulipa, anaenda. Mwishowe tunanunua ingine kwa deni, na ile ingine inavunjika pale pale.

Tuweke kadaftari karibu na mashini: tarehe, kilichovunjika, mihogo ilikuwa mikavu ao mibichi. Fundi akisoma, abadilishe kitu kimoja tu, tusage juma moja, kisha turudi kwake. Akibadilisha vitatu pamoja, hatutajua kipi kilisaidia. Na wamama wanaosaga wawe pale: ndio wa kwanza kusikia mashini imebadilisha sauti.